Upana wa Vidole Vinne

Haya niliambiwa na wifi yangu Zamda, alasiri moja ya mwaka ule vuli zilipokatika kabla mpunga haujabeba. Tulikuwa uani tunachambua mchele. Aliyaanza bila kuinua macho kwenye ungo, kama mtu anayesimulia alivyokwenda kisimani akarudi.

"Wifi, nimetoka mji mmoja ambao watu wake hawajalala hata mara moja."

Nikamwambia, "Basi wana watoto wachanga."

Akacheka mpaka mchele ukarukia mchangani. "Si watoto wachanga. Wana ukili."

Sasa ngoja, maana si kila mtu siku hizi amelalia mkeka. Ukili ni ule mshipi wa majani ya mkindu unaosukwa kwa vidole, jani juu ya jani, unaongezwa, unaongezwa, hata uwe mrefu kama njia ya kwenda mtoni. Lakini upana wake haukui. Upana wake ni vidole vinne, na mwenye mkono mnene labda vitano. Kili zikishonwa ubavu kwa ubavu ndiyo zinakuwa mkeka. Huku kwetu hata anayenunua wa plastiki analijua hilo. Watu wa mji ule walijua kusuka tu. Walikuwa wamesahau kushona, au walikuwa hawajakumbuka bado. Zamda alisema maneno hayo mawili kule ni neno moja.

Na jua lao lilikuwa limesimama. Si utosini, hapana. Lilisimama pale linapokuwa watu wakianza kufikiria chai ya jioni. Halikutua kwa sababu hakuna aliyelala. Na hakuna aliyelala kwa sababu, kwa desturi yao, ardhi tupu hulaliwa na maiti peke yake. Aliye hai sharti alalie kitu. Na kitu walichokuwa nacho kilikuwa na upana wa vidole vinne. Nani amewahi kulala kwenye vidole vinne? Mjusi labda, naye ana ukuta wake.

"Sasa siku zilikwendaje?" nikamuuliza.

"Hazikwenda. Watu ndio waliokwenda. Mtoto akawa mtu mzima, mtu mzima akawa mzee, yote alasiri hiyohiyo moja."

Hawakuwa watu wa huzuni, usifikirie hivyo. Walikaa vibarazani wanasuka, wanataniana, wanaimba. Aliyekuwa na ukili mrefu alisalimiwa kwanza, hata kama ni mdogo wa umri, na mzee mwenye ukili mfupi alimpa shikamoo binti wa jirani, binti akaitikia marahaba bila haya. Aliyepima alikuwa bibi mmoja, Bi Tunu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya debe. Alipita na mkono wake mmoja ulionyooka, akipima kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, akisema, "Mrefu! Mrefu kuliko juzi!" ingawa juzi haikuwepo.

Na katika mji ule ukili ulikuwa ndiyo mtu. Hilo ulishike vizuri. Aliyeshika ukili wa fulani alikuwa fulani, na kikohozi chake, na mume wake, na ugomvi wake na jirani. Walipokutana hawakutazamana nyuso, walitazamana mikononi.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu. Maana hata huku kwetu, ambako jua linatua vizuri tu, mtu akikutana na mgeni humuuliza jina, na kabla mgeni hajakaa humuuliza unafanya nini, na jibu la pili ndilo analoondoka nalo. Fundi. Mwalimu. Muuza mkaa. Jina linabaki mlangoni kama viatu. Sasa mimi hujiuliza, aliyeingia ndani ni nani? Kazi ni nguo, ambayo ukiivua unabaki wewe? Au ni ngozi? Na kama ni ngozi, yule ambaye hajaipata bado anatembea na nini juu ya nyama yake? Naona swali lenyewe linachangamsha kama pilipili mbichi: halishibishi, lakini bila hilo chakula hakina sauti.

Basi alikuwepo mwanamke anaitwa Sikudhani, ambaye hakuwa na ukili.

Si kwamba hakujaribu. Alisuka tangu mikono yake midogo. Lakini kila akisuka, jani la kulia lilikwenda kushoto, likatoka nje ya ukili kabisa, likakaa huko nje kama mgeni aliyependa ugenini. Akilirudisha, la pili linalifuata. Akifika urefu wa shibiri moja, kazi yote inafumuka yenyewe. Majirani walimpenda, walimpa kunde na habari, lakini walikuwa wanamsahau. Akiketi barazani wanamkalia.

Siku moja, ambayo ilikuwa siku ileile, Bi Tunu akasimama mbele yake na mkono wake wa kupimia.

"Sikudhani, leo una nini?"

"Leo nina vidole, bibi."

"Vidole hata kima anavyo. Sikiliza, mwanangu. Mashavu ameuacha ukili wake mlangoni kwa Feruzi. Ncha imelala chini, haina mkono. Ukili usio na mkono unautia mji aibu. Utaushika wewe."

"Nikiushika nitakuwa nani?"

"Utakuwa Mashavu. Ulitaka uwe nani, jogoo?"

Waliokuwa barazani wakacheka. Sikudhani naye akacheka kidogo, maana ilikuwa inachekesha. Kisha akauliza, "Na Sikudhani atakuwa wapi?"

Bi Tunu akamtazama mikononi, akatazama tena. "Sikudhani yupi?" akasema, na wala hakuwa na ubaya wowote.

Hapo ndipo alipoogopa. Kusahauliwa alikuwa amekuzoea. Lakini mtu akisahauliwa bado yupo, kama punje iliyoanguka nyuma ya kinu. Hili la kugeuzwa Mashavu ni kusagwa ukawa unga wa mtu mwingine. Akasema, "Bibi, nipe muda. Huenda nina kazi yangu mahali, sijaiona tu."

Kwa kuwa jua halikusogea, muda wa kule ulipimwa kwa vyungu. Bi Tunu akageuka. "Feruzi! Umeinjika nini?"

"Kunde!" akajibu Feruzi kutoka jikoni kwake.

"Haya. Kunde za Feruzi zikiiva, Mashavu lazima azipakue. Mpaka hapo, tafuta. Zikiiva, utashika upawa, na ukishika upawa mambo yamekwisha."

Huyo Feruzi alikuwa mume wa Mashavu, mtu mwema, mnene, mwenye nyimbo. Hakuwa na nia ya kumdhulumu mtu. Alipenda tu kunde zake ziive, na mkewe awepo zikiiva. Akatokea mlangoni, akaona mwanamke amesimama karibu na ukili wa mkewe, macho yake yakatua mikononi.

"Mashavu, kofia yangu umeiweka wapi?"

"Mimi si Mashavu, shemeji."

"Najua, najua, bado kidogo. Lakini kofia?"

Na Sikudhani akasikia mdomo wake unasema, "Iko nyuma ya mtungi."

Feruzi akaenda nyuma ya mtungi. Kofia ilikuwepo. Akaivaa, akarudi kuchochea moto, anaimba.

Hapo nilimkatiza Zamda. "Alijuaje?"

"Sikujua mimi nilijuaje," akasema.

"Wifi, umesema *mimi*."

"Nimesema hivyo?" Akapuliza makapi. "Hadithi ni kigoda. Anayekaa anakaa. Wewe chambua mchele."

Nikachambua. Baadaye niliacha kumsahihisha, na nawe usijisumbue. Mtu ni yuleyule mmoja, Sikudhani, hata nikiteleza.

Basi akawaza hivi: mtu aliyeuacha ukili wake ana sababu. Nikimpata Mashavu mwenyewe, nikamrudishia ncha yake mkononi, mimi nitabaki mimi. Na ukili wake upo, ni mrefu, una mwanzo. Nitaufuata kinyumenyume mpaka ulipoanzia.

Watu walipomwona anakwenda upande wa mikia, kili zinakoanzia, wakapiga makofi kwa kicheko. Katika mji ule kila mtu alitazama ncha, pale vidole vilipo. Nyuma hakuna aliyekwenda. "Unakwenda wapi, wewe? Huko kulishasukwa!" Na mmoja akaongeza, "Ukikuta jana, nisalimie!"

Akashika ukili wa Mashavu kwa kiganja, hakuukamata, aliuacha upite tu mkononi kama kamba ya mbuzi mpole, akaenda.

Vichochoro vyote vilijaa kili. Zilipita juu ya kuta, chini ya milango, zilivuka mitaro, zililala moja juu ya nyingine kama nyoka waliopatana. Na kadiri alivyokwenda nyuma, kiganja chake kilianza kusikia.

Hapa ukili umebana. Amesuka na hasira. Hasira ya nini? Ya jirani, ya kuku kuingia jikoni.

Hapa umelegea. Mtoto ana homa. Jicho moja kwenye ukili, moja kwa mtoto.

Hapa kuna mchanga ndani. Wapi kulikuwa na mchanga? Walikwenda mtoni. Walicheka. Feruzi aliangukia majini na kofia.

Mimi nimejuaje kofia?

Mimi ni nani anayejua?

Hapa majani mekundu. Harusi. Nilivaa, hapana, alivaa, kanga mbili mpya, na mama yake akalia kwa furaha. Mama yake anaitwa Mwanahamisi. Na mama yangu? Mama yangu anaitwa. Mama yangu.

Mwanahamisi ni jina zuri pia.

Hapana. Tembea. Usishike kwa nguvu. Anayeshika kwa nguvu anakuwa.

Kunde zimefika wapi? Zinanukia. Bado hazijalainika. Zinanukia.

Kama mtu huzaliwa na kazi yake, nani aliishika yangu wakati nazaliwa, akasahau kunipa? Na kama kazi humngoja mtu mahali, mbona hainiiti? Au inaniita na mimi nageuza kichwa upande wa wenye ncha, kama wote?

Akafika mwisho, yaani mwanzo. Palikuwa uwanja, na katikati ya uwanja mlima. Mlima wote ulikuwa mikia ya kili, za watu wote wa mji, pale zilikoanzia, imerundikana kama nywele zilizonyolewa. Na kwenye ubavu wa mlima ule, katikati ya mikia, ulitokeza mguu wa mtu wenye hina iliyofifia.

"Hodi," akasema Sikudhani.

"Karibu, ila usikanyage," ukasema mlima.

Akafukua. Ndani alikuwa Mashavu, mwanamke wa mashavu kweli, macho mekundu, amejikunja kama kamba.

"Dada, kumbe hukukimbia?"

"Nikimbie na miguu ipi? Nilirudi nyuma tu. Nimechoka, dada yangu. Nimechoka mpaka kwenye kucha. Na kule mbele hawana neno la kuchoka, wana neno la kusimama, na ukisimama wanakupima."

"Kwa nini hukulala?"

"Nimejaribu! Ukili mmoja, bega linaingia, mgongo unabaki nje. Nikapanga mbili, nikilala tulivu zinavumilia, nikijigeuza huu unakwenda kaskazini na huu unakwenda kwao. Nikarundika nyingi, ndiyo huu mlima unaouona, mabonge tupu, kama kulalia viazi. Chini siwezi, mimi si maiti."

"Basi inuka turudi. Kunde zinaiva. Zikiiva kabla hujashika ncha yako, nitazipakua mimi, na nikizipakua sitakuwa mimi tena."

Mashavu akafungua jicho moja. "Feruzi ametia chumvi?"

"Sijui."

"Hajatia." Akafumba. "Dada, wallahi siwezi kuinuka. Ningelala hata kama kuku, kidogo tu, ningeamka, ningerudi, ningepakua kunde zangu kwa mkono wangu, na wewe ungebaki na jina lako ukafanya nalo unavyotaka. Lakini nilalie nini?"

Basi unaona walivyokwama. Mmoja hawezi kuinuka kwa sababu hajalala, mwingine atapotea huyu asipoinuka, na katikati yao mlima mzima wa vitu vya kulalia ambavyo havilaliki.

Sikudhani akakaa chini. Akachukua mikia miwili, mmoja wa Mashavu, mwingine wa sijui nani, akailaza ubavu kwa ubavu. Ikaachana. Akaisogeza. Ikaachana. Akainama karibu sana, na hapo akaona kitu ambacho macho ya wenye ncha hayajakiona, maana wao hutazama mbele. Kila ukili, pale jani linapogeuka pembeni kurudi kati, huacha kitundu. Ukingo wote una vitundu. Na kili mbili zikilala pamoja, vitundu vya huu vinatazamana na vitundu vya ule, kama madirisha ya majirani ambao hawajawahi kusalimiana.

Akatafuta mwiba, uwanjani miiba haikosekani, akapanua kitundu. Akachukua jani. Akaanza kusuka kama alivyofundishwa tangu utoto, jani la kulia libaki kulia. Lakini vidole vyake vilikuwa vilevile. Jani la kulia likaenda kushoto. Likatoka nje ya ukili. Likaingia katika ukili wa jirani.

Likakaa.

Akalivuta taratibu. Kili zikakaribiana. La pili likalifuata la kwanza, kama yalivyofanya maisha yake yote, na safari hii hakulirudisha.

Sitasema kwamba kila kosa ni kazi ya mtu iliyojificha. Yapo makosa ambayo ni makosa tu. Wali ulioungua umeungua, hata ukiuita jina gani. Lakini nawaza hivi ninapokuwa peke yangu: tumezoea kuitafuta kazi ya mtu pale anapowashinda wengine, kama tunatafuta nazi kubwa kuliko zote kwenye mnazi. Huenda tungemtazama pia pale mkono wake unapokataa. Mkono unaokataa jambo kila mara, bila hasira, bila uvivu, pengine unakwenda mahali. Pengine unajua njia na mwenye mkono hajaambiwa. Na inawezekana vilevile haujui njia, unatangatanga tu, mpaka siku mtu mmoja amechoka mbele yako na huna kingine cha kumpa. Kati ya hayo mawili siwezi kuchagua. Zamda naye nilipomuuliza alisema, "Vidole havisemi, wifi."

Sikudhani akashona. Ukili wa tatu, wa sita, wa kumi. Alipofika upana wa mtu na nafasi ya kujigeuza, akausogeza mkeka kando ya Mashavu. Mashavu hakusubiri kuambiwa karibu. Alijiviringisha kama gogo, akafika katikati, akanyosha mguu mmoja, akanyosha wa pili, akasema, "Lo!" Kisha akakoroma.

Na jua likashuka kidogo.

Sasa huko mbele watu walikuwa wamekaa na ncha zao, mara wakaona zinavutwa. Kushona kunavuta, na kila ukili ulioshonwa nyuma ulitikisika mpaka kwenye vidole vya mwenyewe. "Nani anavuta ukili wangu?" "Mbona wangu unakwenda?" Wakainuka, kila mtu anafuata wake, kinyumenyume, wanapigana vikumbo vichochoroni, Bi Tunu mbele na mkono wake juu. Walipofika uwanjani wakasikia sauti ile.

"Kuna mnyama!" akasema mmoja, akajificha nyuma ya Bi Tunu.

"Ni mnyama gani anayepiga filimbi akivuta na kuguruma akitoa?"

"Ni Mashavu," akasema Sikudhani bila kuinua macho. "Amelala. Punguzeni kelele."

Hawakuwa wamewahi kusikia mtu anakoroma. Walichutama kumzunguka, wanamtazama tumbo linavyopanda na kushuka, kama watoto wanaotazama chungu. Mwanamume mmoja akaona kivuli chake kimerefuka, akakirukia kukirudisha. Bi Tunu ndiye aliyekasirika. Alikuwa ameinama na mkono wake wa kupimia, akapima, akafika mahali ukili mmoja umeshikana na mwingine, akapotea.

"Huu ni wa nani? Unaanzia wapi? Sikudhani, umeharibu! Nitajuaje nani mrefu?"

Kabla hajajibiwa akafika Feruzi, amejitwika chungu kichwani, mvuke unamtoka pande zote kama yeye mwenyewe ndiye aliyepikwa.

"Zimeiva!" akasema. "Zimeiva kabisa, zimepasuka. Mashavu! Njoo upakue!"

Feruzi akatua chungu, akatoa upawa, akaunyosha. Akaunyosha kwa Sikudhani, maana yeye ndiye aliyekuwa macho, na mkononi mwake lilikuwepo jani, na ukili mmoja miguuni pake ulikuwa wa Mashavu. Sikudhani akasikia koo linafunguka. Akasikia *abee* inapanda, tamu, ya mke aliyeoa, hapana, aliyeolewa muda mrefu. Jina la mama yake lilikuwa limekwishakwenda. Lake mwenyewe lilikuwa limesimama mlangoni limevaa viatu. Akauma jani kwa meno ili mdomo uwe na kazi.

Na kutoka chini, katikati ya mkoromo, sauti nzito ya mtu aliyelala ikasema, "Abee... hujatia chumvi, Feruzi."

Feruzi akaonja kwenye upawa. Akakunja uso. Akamtazama mwanamke aliyelala, na kwa mara ya kwanza hakutazama mikono, kwa sababu mikono ya Mashavu ilikuwa mitupu, imefunguka kama majani ya muhogo. Alitazama uso.

"Huyu ndiye mke wangu," akasema polepole. "Hana kitu mkononi, na ndiye." Kisha akamgeukia mwenye jani mdomoni. "Na wewe ni nani?"

Alitema jani. "Sikudhani. Binti wa Bi Mgeni." Na aliposikia jina la mama yake limerudi alicheka kwa sauti, na kicheko hicho, Zamda aliniambia, "nilikisikia mpaka mimi, nilikuwa nimefika kisimani."

"Ukili wako uko wapi?" akauliza Bi Tunu.

"Sina, bibi. Niko kati ya huu na huu."

Chumvi ilipatikana. Wakala kunde kwa viganja. Na mtu akila, amekaa mkekani, jua linashuka, unajua kinachofuata. Mmoja akaegemea. Mwingine akasema, "Najaribu tu." Sikudhani akashona mbele yao kadiri walivyokuwa wanaanguka, na wengine, kabla ya kusinzia, wakamsogezea mikia yao wenyewe, "Unganisha na wangu, dada, huu una majani ya harusi, utapendeza." Feruzi alilala kofia ikiwa usoni. Kila mmoja akilala, jua linatua kidogo, mpaka likabaki kama ukingo wa sahani.

Bi Tunu peke yake alikuwa amesimama.

"Njoo ulale, bibi."

"Mimi sina ukili," akasema. Sauti ya debe ilikuwa imeondoka. Ilibaki sauti ya kawaida ya mwanamke mwembamba. "Sijawahi kusuka hata shibiri. Nilipima. Na sasa hakuna cha kupima. Kesho, kama ipo, mimi nitakuwa nani?"

Sikudhani angeweza kumdanganya kwa neno zuri, maneno mazuri ni rahisi jioni. Badala yake akasema, "Nishikie hapa, huku kunalegea."

Bi Tunu akapiga magoti, akashika ukingo wa mkeka, akauvuta ukanyooka. Alishika vizuri kuliko mti. Wakashona hivyo, mmoja anavuta, mmoja anapitisha, mpaka ubavu ule ukaisha, na bibi akawa ameshalala pale pale alipopiga magoti, shavu juu ya mikono. Sikudhani akamgeuza taratibu, akamnyosha miguu.

Ukabaki ukili mmoja ambao haujaunganishwa. Sikudhani akauchukua, akauweka ubavuni mwa mwingine, akatafuta kitundu cha kwanza kwa ncha ya mwiba. Akakipata. Kisha akausimamisha mkono.

Jua lilikuwa limebakiza kidogo sana, kidogo kama mtu mmoja. Aliutazama ukili ule. Katika maisha yake yote ya alasiri moja hakuwahi kuwa na kitu cha kuacha. Kila alichoanza kilifumuka chenyewe. Huu haungefumuka. Ungemngoja. Akaweka mwiba kando, mahali ambapo hautamchoma mtu, akajinyosha kwenye nafasi iliyokuwa imebaki, kichwa kwa watu na miguu kwa watu.

Alikuwa na kazi ya kesho. Akalala.